Kibendera Juu, Mdomo Umefungwa

Kuna watu husema wamesamehe ili wasionekane wabaya. Mimi sijasamehe, na sikuwahi kujifanya. Yule mwalimu wa shule, refa aliyechezesha mechi ile ya Geita, nilimbeba rohoni misimu minne mizima. Nilimbeba nikifua, nikipika, nikikimbia mazoezi ya asubuhi kwenye barabara ya vumbi nyuma ya Kalangalala, mtaa wa Geita nilikopanga chumba. Nilijua mpaka anavyovuta soksi juu kabla ya kupuliza filimbi. Kama aliwahi kupaliwa na chai bila sababu, basi ni mimi nilikuwa namtaja.

Mimi ni mwamuzi msaidizi. Mtaani wanatuita washika vibendera, na kuna wanaoamini kazi yetu ni kutembea pembeni ya uwanja tukifukuza nzi kwa kitambaa. Waje wajaribu dakika kumi tu. Unatakiwa uwe sambamba na beki wa pili kutoka mwisho, ukimhesabu na kipa, na beki huyo hatulii hata kidogo. Akipanda unapanda, akishuka unashuka, na mpira ukimpita unaufuata mpira. Unakimbia kiubavu ili uso uangalie uwanja, na kibendera kiko mkono ambao refa anauona, kimetulia. Unatakiwa uone mguu wa anayepiga pasi na mguu wa anayeisubiri kwa wakati mmoja, na hakuna macho ya namna hiyo. Kwa hiyo unajifunza kusikia. Mpira ukigongwa unausikia, na papo hapo unatazama mstari nani yuko wapi. Ukikaa hivyo miaka, unawajua wachezaji kwa miguu kuliko kwa nyuso.

Halafu kuna sauti. Waamuzi wa kwenye televisheni wana vifaa vya masikioni, refa ananong'onezwa. Kwetu huku kifaa ni koo lako. Refa akiwa mbali na hajakuona, unamwita: "Refa! Namba nane, nyuma yako!" Na koo mimi nilijaliwa. Nimezaliwa Nkome, mwaloni, boti za wavuvi zinapotia nanga, na mama yangu ni muuza dagaa, mwanamke anayeweza kugombana na mtu aliye upande wa pili wa soko bila kuinuka kwenye kigoda. Nikiwa na miaka tisa, asubuhi moja ya ukungu, boti la mjomba lilikuwa linakuja moja kwa moja kwenye mawe. Wanaume wazima walikuwa ufukweni wanapunga mashati, na ukungu umefunika kila kitu, nani aone shati? Mimi niliita mara moja, na boti likageuza. Mama alisimulia jambo hilo kwa kila mteja kwa miaka mingi, mpaka nikawa naona haya kupita kwenye meza yake.

Sasa mechi yenyewe. Uwanja ulikuwa wa shule, pale Geita, na timu ya nyumbani ilikuwa ya wachimbaji wadogo. Mashabiki wao walikuja moja kwa moja kutoka kwenye maduara yao ya kuchimbia na kwenye makarasha ya kusagia mawe, vumbi bado liko kwenye nyusi, wakajazana mpaka juu ya mstari wangu. Kila nikikimbia nilikuwa namkanyaga mtu. Wengine walinishauri nirudi jikoni. Ilikuwa bila kwa bila na dakika zinayoyoma. Mshambuliaji wao alikuwa ameotea hatua mbili, nasema hatua mbili nzima, si suala la kisigino wala bega. Pasi ikapigwa, akaigusa, nikainua kibendera. Yeye akafunga.

Ukishainua unasimama wima, unamwangalia refa, na kibendera kinabaki juu mpaka akuone. Nikasimama. Yule mwalimu, aliyekuwa refa wa kati, alikuwa ameshapuliza na kuonyesha katikati, anarudi kinyumenyume. Nikaita: "Refa!" Nikaita tena. Aligeuka. Naapa aligeuka. Tuliangaliana macho kwa macho. Aliona kibendera, akaona na wale watu waliokwisha kuingia uwanjani wakicheza, akafikiria atakavyofika kwake salama, akanipungia mkono nishushe. Nikashusha.

Mpaka hapo ningeweza kumwelewa. Hata mimi nilishaanza kutafuta njia ya kutokea. Lakini akaenda nyumbani, akaoga, akala, akakaa na ule mwandiko wake mzuri wa ubaoni, akaandika kwenye ripoti: "Mwamuzi msaidizi namba moja hakuinua kibendera." Aliandika akiwa hana wa kumkimbiza wala wa kumtishia. Hilo ndilo lililonikaa kooni.

Timu iliyofungwa ililalamika, ikaonekana ni makelele ya waliofungwa. Mwenzangu wa kibendera cha pili aliulizwa, akasema alikuwa mbali. Nikafungiwa msimu mzima, na msimu huo ndio niliokuwa nimepangiwa kozi ya kupanda daraja. Mtaani wakasema nimekula dhahabu. Wachimbaji wenyewe wakawa wananisalimia kwa adabu, "Shikamoo dada, wewe ni mtu wetu," na salamu hiyo iliniuma kuliko matusi yao yote ya siku ya mechi.

Nikaenda Nkome. Mama alikuwa anageuza dagaa juani kwa reki. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho, halafu akaniuliza, "Walikupa nini?"

"Mayu, niliinua."

"Mwalimu ameandika hukuinua."

"Mwalimu amedanganya."

"Mwalimu?" Akaniangalia kana kwamba namsingizia padri. "Mwalimu adanganye ili apate nini?"

Mama hakusoma, na kwake kilichoandikwa na mwalimu hakina mjadala. Hakunitukana wala hakunifukuza. Aliendelea kugeuza dagaa. Ila tangu siku hiyo hakusimulia tena kwa wateja habari za boti la mjomba, na sasa mimi ndiye niliyetamani kuzisikia.

Kwa hiyo msiniambie habari za moyo mweupe. Nilipanga mengi juu ya yule mtu. Kuna wakati nilitaka nimuumbue kanisani kwake mbele ya kwaya. Kuna wakati nilimwombea goti, moja tu, la kulia, limteguke siku ya majaribio ya mbio ya waamuzi. Goti likabaki zima. Adhabu yangu ikaisha, nikarudi kukimbia mistari ya ligi za chini, na kila nilipoinua kibendera nilijikuta nageuka kutazama watu kama wameona. Yeye huku anapanda. Kila mahali mwalimu, mwalimu.

Msimu wa nne, majina yakatoka ya mechi ya mtoano kati ya timu ya Geita na timu ya Shinyanga, ichezewe Shinyanga. Refa wa kati ni yeye. Msaidizi namba moja ni mimi. Na mtathmini wa waamuzi atakuwepo, kwa sababu mechi hiyo ndiyo ya mwisho kwa mwalimu kupimwa kabla ya kupandishwa daraja. Umri wake ulikuwa ukingoni. Akikosa hapo amekosa moja kwa moja. Nilikuwa na haki ya kuomba nibadilishwe. Nilifua jezi yangu mara mbili.

Kabla ya kila mechi waamuzi tunakaa kikao kifupi, refa anaeleza anavyotaka tushirikiane. Tulikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mtu huyu alinisalimia kana kwamba tuliachana jana kwa wema. "Dada yangu, hujambo? Watoto?" Sina watoto. Halafu akaanza maelekezo yake, na yalipofika kwangu akainua kidole cha ubaoni.

"Kuotea, kurusha, kona, goli. Inua kibendera, mimi nitaona. Sitaki kuitwaitwa uwanjani kama tuko mnadani. Hasa wewe dada, ile sauti yako. Wachezaji wanadharau, na mtathmini ataona siwezi kudhibiti mchezo. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mwalimu," nikasema.

Mwenzangu wa upande wa pili, si yule wa mechi ya Geita, akaitikia pia. Nilifunga kamba za viatu polepole. Nilikuwa bado sijui atakavyoanguka, ila nilijua kuwa amejitoa masikio kwa mkono wake mwenyewe.

Kipindi cha kwanza, mbele yangu kabisa, kiungo wa Geita mwenye jezi namba sita alimkata mtu mtama. Kadi ya njano. Mwalimu akaandika namba kwenye kijitabu. Yeye alikuwa mtu wa namba, sura haziangalii. Mimi nikaangalia miguu kama ilivyo kawaida yangu. Namba sita alikuwa amefunga kitambaa cheupe kwenye kifundo cha kulia, na kiatu cha kushoto kilikuwa na kamba nyekundu. Kabla ya mapumziko jezi yake ilichanika bega katika kugombea mpira wa kona.

Waliporudi kipindi cha pili, kamba nyekundu na kitambaa cheupe vilikuwa ndani ya jezi namba kumi na nne.

Timu zetu hazina jezi za akiba za kutosha. Ikichanika moja, mtu anavaa ya aliyeko benchi, na refa anapaswa kuambiwa. Hakuambiwa. Na mimi nilipaswa kumwambia, maana nilimwona akipita hatua tatu kutoka kwangu. Mwalimu alikuwa anavuta soksi zake juu. Nikaenda kusimama kwenye nafasi yangu.

Dakika ya sitini na kitu, katikati ya uwanja, yuleyule akamkwatua mtu kwa nyuma. Mwalimu akatoa kadi ya njano, akatazama mgongo, akaandika kumi na nne. Benchi la Shinyanga likaruka: "Ni yuleyule! Amebadilisha jezi!" Mwalimu akawaonyesha kiganja bila kuwatazama. Kwake hizo zilikuwa kelele za mnada.

Nikainua kibendera.

Nilikiinua vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Mkono umenyooka, miguu imekaribiana, uso kwa refa. Alikuwa amenipa mgongo, anapanga mpira wa adhabu, anahesabu hatua za ukuta. Kati yetu hapakuwa na umbali wowote kwa koo langu. Neno "Refa!" lilikuwa limeshafika kwenye meno. Ningelitoa, angegeuka, angenifuata, ningemwambia maneno manne, angetoa kadi nyekundu, angeonekana shujaa mbele ya mtathmini. Angepanda daraja kwa sauti yangu.

Nikafunga mdomo. Na nilifurahi, sitaki kulipamba hilo. Mkono uko juu, jasho linanitiririka kwapani, na rohoni nasema: tazama basi, mwalimu, leo hakuna wa kukuita, tazama kibendera. Nyuma yangu watu walianza kupiga kelele, "Refa, kibendera! Angalia kibendera!" Akapuliza mchezo uendelee. Nikashusha nikamfuata beki, kwa sababu ndiyo kazi. Mpira ulipotoka nje nikainua tena. Alikuwa anatazama kwingine, akaruhusu mpira urushwe, nikashusha tena. Mara mbili. Ng'ambo ya uwanja, kwenye kiti cha plastiki, mtathmini alikuwa ameinamia karatasi anaandika.

Nilidhani imeishia hapo.

Beki wa kushoto wa Shinyanga alikuwa mtu wa Samuye, mkulima wa dengu mwenye ng'ombe zake, mtu mzima kidogo kwa mpira. Kipindi chote cha pili alikuwa jirani yangu, maana upande wake ndio mstari wangu. Alikuwa na tabia ya kunisalimia kila mpira ukitoka, "Mama, poleni na kazi," na mimi namjibu kwa kichwa. Dakika kumi zimebaki akaupokea mpira karibu na mstari. Kamba nyekundu ikaja kwa mbali, miguu yote miwili juu.

Nimesema tunajifunza kusikia. Mpira ukigongwa una sauti yake, na mfupa wa mguu una yake. Nilikuwa hatua mbili tu. Alianguka mbele ya viatu vyangu, akashika soksi yangu, na Kiswahili kikamtoka kichwani, akawa anamwita mama yake kwa Kisukuma tu, "Mayu, mayu." Mguu wake chini ya goti ulikuwa umeelekea pasipo pake. Mwalimu akaja mbio na kadi nyekundu mkononi, akamwonyesha mtu ambaye kwa haki alipaswa kuwa ameshaoga. Walimtoa yule beki uwanjani juu ya benchi la mbao, wakampakia kwenye gari la chama cha wafugaji lililokuwa nje.

Baada ya mechi mtathmini alituita ofisini. Mzee mmoja mkavu, haongei sana. Akamuuliza mwalimu, "Namba kumi na nne wa Geita alikuwa na kadi ngapi kabla ya nyekundu?"

"Moja ya njano."

"Na namba sita?"

"Moja."

"Namba sita yuko wapi kipindi cha pili?"

Mwalimu akafungua kijitabu. Akakifunga. Akakifungua tena. Niliona damu inavyoshuka kutoka usoni mwake, na nilitazama mpaka mwisho, sikupepesa.

"Msaidizi namba moja," mtathmini akanigeukia, "uliinua kibendera kwa ajili gani?"

"Kumjulisha refa kuwa aliyepewa kadi ni yule wa kadi ya kwanza. Niliinua mara mbili."

"Mbona hukumwita? Nimesikia una sauti."

"Kwenye kikao alituelekeza tusimwite, mzee. Tuinue tu, yeye ataona."

Mtathmini akamtazama mwenzangu wa upande wa pili, naye akatikisa kichwa kukubali. Mwalimu alinitazama. Hapo ndipo alipokumbuka aliyonitendea, nadhani kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mtathmini akaandika, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama karibu, nilisoma kichwa chini miguu juu: "Mwamuzi msaidizi namba moja aliinua kibendera." Misimu minne niliingoja sentensi hiyo. Mwalimu hakupanda daraja, na hatapanda tena. Alipotoka alivuta soksi juu kwa mazoea, ingawa hapakuwa na mechi.

Asubuhi yake nilikwenda sokoni. Mama alikuwa amekuja Shinyanga na magunia yake ya dagaa, na siku ya mechi aliacha meza kwa jirani akaja uwanjani. Sikujua. Nilimkuta na ungo, anapepeta mchanga. Nikamwamkia, na safari hii akainua macho.

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akanisogezea kigoda chake mwenyewe, yeye akakaa juu ya gunia. "Jana nilikuwa nyuma yako kabisa, na ndoo yangu ya dagaa. Nilikiona kibendera. Kilikuwa juu. Watu wote walikiona." Akafuta mikono kwenye kanga. "Lile neno nililokuuliza siku ile Nkome, nisamehe. Yule mwalimu ni mwongo."

Nilikuwa nimeliota neno hilo mara nyingi mno, na nilikuwa nimejiandaa kulia. Machozi yakaanza kweli. Mama akaniacha nifute, akarudia kupepeta, halafu akauliza, taratibu, kama anayeuliza bei ya gunia:

"Yule beki hali yake?"

"Wanasema mguu hautarudi kama zamani."

"Ng'ombe zake atachunga nani?"

Nikaanza kuokota dagaa waliodondoka chini.

"Boti la mjomba wako lilikuwa mbali vile, na ukungu ule, na wewe mtoto wa miaka tisa, uliita likageuza. Jana yule mwalimu alikuwa pale pale. Nilikuwa nyuma yako nasema moyoni, sasa ataita. Sasa ataita." Ungo ukasimama. "Mbona hukuita?"

"Mwalimu alikataza, mayu."

Usoni mwa mama sikuona hasira.

"Kumbe siku hizi unamtii," akasema.

Mteja akaja kusimama mbele ya meza, akachota dagaa kiganjani akanusa. Mama akanyanyuka, akaanza kuita bei, na sauti yake ikafika mpaka upande wa pili wa soko.